Igeuze Kwanza, Bei Baadaye

Kazi yangu ni kupamba nyumba hapa Dar es Salaam, na swali la kila mteja ni "ninunue wapi?" Mahali si tatizo: vitambaa viko Kariakoo na Mtaa wa Uhuru, vinyago Mwenge, samani Keko. Shughuli iko kwenye kukagua, na mimi huanza na upande ambao muuzaji hakunionyesha.

Pale Mwenge vinyago vyote vinang'aa, lakini si kila cheusi ni mpingo. Mti mwepesi hupakwa kiwi ya viatu ukasuguliwa mpaka ukameta. Pindua kinyago, sugua kitako kwa nguvu kwa kitambaa cheupe. Weusi ukihamia kwenye kitambaa, kirudishe mezani. Mpingo ni mzito hata majini unazama, na weusi wake una michirizi ya hudhurungi. Mara nyingi utaona pia ukanda mweupe-manjano. Hiyo si kasoro, ni mti wa nje karibu na gome, na wachongaji wengi huuacha makusudi. Kile cha Wamakonde cha watu waliobebana, kinachoitwa ujamaa, huchongwa kwenye gogo moja, kwa hiyo tafuta kama kuna mahali palipogundishwa.

Kanga mpya huwa ngumu kwa wanga. Ifikiche kwa vidole, kisha iinue kwenye mwanga. Ikilegea na nyuzi zikaachana, itachoka mapema. Kwa mapazia nachagua kitenge cha pamba ambacho rangi imepenya pande zote mbili, maana pazia linatazamwa hata kutoka barabarani. Na ukishonesha foronya za kanga, mwelekeze fundi kabla hajashika mkasi: mji, yaani lile pambo la katikati ya kanga, ukae katikati, na jina, yale maandishi yake, lisomeke lote. Inaniuma sana kukuta jina limekatwa nusu.

Keko ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Ukiambiwa kitanda ni cha mninga, omba kukiona kabla ya vanishi, kwa sababu rangi ya vanishi huweza kuficha mbao ya aina yoyote. Kabati nalo, chomoa droo nzima uigeuze. Kona zimechongwa zikashikana, au zimepigwa misumari tu? Mbao za ndani ni zilezile za mbele? Ninachokiogopa kuliko vyote ni mbao mbichi. Ikiingia chumba chenye kiyoyozi inapinda, inapasuka, milango ya kabati haifungi tena. Kwa hiyo fundi anayeniahidi kitanda cha keshokutwa wakati mbao hajanunua, simpi kazi. Toa malipo ya awali, pita karakana kazi ikiwa bado haijapakwa chochote, malizia pesa siku ya kuchukua.

Picha za kuchora za mtindo wa Tingatinga zinapatikana Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, na wachoraji wako hapohapo wakifanya kazi. Gusa ukingo wa picha kabla ya kuikunja. Rangi yake ni ya mafuta, na ikiwa haijakauka vizuri itagandana njiani. Afadhali uiache kwa mchoraji uifuate siku nyingine.