Hakuna ubatizo wa mara ya pili, hata ukienda Yordani

Jumapili iliyopita, kanzu bado ninayo mwilini, kijana mmoja wa usharika alinifuata ofisini akafunga mlango nyuma yake kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Nimeona nisikufiche. Nimebatizwa."

"Najua," nikamjibu. "Umo kwenye daftari."

"Hapana, Mchungaji. Safari hii nimebatizwa kweli. Maji mengi."

Huyo ni wa nne tangu Pasaka. Wa kwanza alibatizwa mtoni, wa pili kwenye bwawa la kuogelea la hoteli. Wa tatu alikwenda hija Israeli akarudi na joho jeupe, chupa ya maji ya Yordani na picha zisizohesabika. Mto Yordani nauheshimu. Naamani alijichovya humo mara 7 akapona, lakini yeye alikuwa na ukoma. Mama yetu huyu alikuwa na cheti cha kipaimara.

Kwa wasionijua, mimi ni mchungaji wa Kilutheri, nahudumu huku mlimani, Kilimanjaro. Swali la kama aliyebatizwa utotoni abatizwe tena nimelijibu kwenye mazishi, kwenye daladala, hata kwa fundi aliyekuja kuziba bomba. Leo naandika ili siku nyingine nimtumie mtu kiungo, nimalizie chai yangu.

Tuanze na la maji, maana ndilo jepesi. Hoja ya wanaobatiza upya ni kwamba neno la Kiyunani, baptizo, maana yake ni kuzamisha, basi aliyemwagiwa hakubatizwa. Ni kweli neno hilo hubeba maana ya kuchovya na kuzamisha. Lakini fungua Luka 11:38. Yule Farisayo anastaajabu kwamba Yesu hakunawa kabla ya chakula, na neno lililotafsiriwa "kunawa" ni hilohilo. Je, mwenye nyumba alitarajia mgeni wake atumbukie kwenye mtungi ndipo apewe mkate? Tena kuna Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ambayo yanaagiza ubatizo ufanyike katika maji yanayotiririka. Yasipopatikana, maji mengine. Ya baridi yasipofaa, ya uvuguvugu. Na ukikosa yote mawili, mimina maji kichwani mara 3 kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kanisa lilikuwa bado linakimbizwa na watawala, na tayari lilishaelewa kwamba kuna mahali maji ni ya shida.

Hapo hapo nikiri jambo ambalo wenzangu hawapendi nilikiri. Kuzamisha ni ishara nzuri kuliko bakuli letu. Warumi 6 inasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo, na maziko hayafanywi kwa kijiko. Dkt. Martin Luther mwenyewe, ambaye Kanisa letu linaitwa kwa jina lake, aliandika mwaka 1519 kwamba angependa anayebatizwa azamishwe mzima, na ndugu zetu Waorthodoksi huzamisha vichanga mara 3 mpaka leo. Ningepewa fedha za ujenzi ningechimba kisima cha ubatizo mlangoni pa kanisa, watu wakizunguke kila wanapoingia. Wazee wa kanisa wanataka kwanza vigae vya choo, na siwalaumu. Ila ishara kuwa nzuri zaidi hakuifanyi ile nyingine kuwa batili. Pete ya shaba imefunga ndoa nyingi zilizodumu kuliko zile za dhahabu.

Sasa tuje kwenye lile linaloninyima usingizi: "Mchungaji, nilikuwa mtoto, sikuelewa kitu."

Hili huniudhi kwa sababu linasikika kama unyenyekevu, na ndani yake kuna kiburi ambacho msemaji mwenyewe hakioni. Maana yake ni kwamba Mungu alisema neno lake juu yako, lakini lilikuwa linasubiri sahihi yako ili liwe na nguvu. Huku kwetu kuna kihamba, shamba la ukoo. Mtoto anazaliwa, hajui hata kushika kijiko, na babu anaonyesha kwa fimbo: kuanzia mfereji ule mpaka mti ule ni pa huyu. Mtoto hakuelewa. Akikua anaweza kulima kahawa, anaweza kuacha magugu yakafika kifuani, anaweza kukimbilia mjini miaka 15 asikanyage. Kihamba kinabaki chake. Siku akirudi amechoka, haendi kuomba ukoo ukae upya umgawie kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amelala mgongoni mwa mama. Anatafuta jembe.

Imani je? Inahitajika, nani amekataa? Isipokuwepo, ubatizo haumfaidii mtu chochote, kama kihamba kisicholimwa. Katekisimo Kubwa ya Luther, ya mwaka 1529, inaliweka vizuri: imani haiufanyi ubatizo, imani inaupokea. Ukiutegemeza kwenye kuelewa kwako utabatizwa mpaka lini? Ukiwa na miaka 20 unaelewa kidogo. Ukiwa na 40 utagundua kwamba ulipokuwa na 20 hukuelewa kitu. Na bibi yangu mzaa mama, aliyesahau majina yetu wote miaka yake ya mwisho, naye tungemhesabu vipi?

Kuna pia wanaokuja kwa sababu mchungaji aliyewabatiza amekutwa na kashfa. Fedha, mwanamke, vyote viwili. Wanauliza, mkono mchafu ule uliweza kunibatiza? Swali hili lina umri mkubwa, na lilipamba moto hapa hapa Afrika. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, kule Karthago, kaskazini mwa Afrika, watu waligawanyika. Kundi lililoitwa Wadonati lilisema askofu aliyesalimisha Maandiko kwa askari, na wote walioshirikiana naye, hawana Roho, kwa hiyo ubatizo wao si kitu, watu wabatizwe tena. Mwaka 314 mtaguso wa Arles, mkutano wa maaskofu, uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu asirudiwe. Baadaye Agostino, askofu wa Hippo, alitumia miaka mingi kuwaeleza kwamba anayebatiza ni Kristo. Mhudumu ni mkono wa kuazima tu. Luther aliongeza kwa lugha ya mtaani: dhahabu haigeuki majani kwa kuwa imevaliwa na kahaba. Mimi huifikiria sentensi hiyo kila ninaponyosha mkono kwenye bakuli. Inanifariji, maana nami najijua.

Matendo 19, ambako waliokwisha kubatizwa wanabatizwa tena? Nilijua utaleta. Wale watu 12 wa Efeso walikuwa na ubatizo wa Yohana, hata kusikia kwamba kuna Roho Mtakatifu walikuwa hawajasikia. Kwa jina la Yesu walibatizwa mara moja tu. Tuendelee.

Soma badala yake Matendo 8, habari za Simoni mchawi wa Samaria. Aliamini, akabatizwa, na kwa kipimo chochote alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Muda si muda akaleta fedha anunue uwezo wa kugawa Roho. Petro alimkemea kwa maneno ambayo mimi ningeyasema leo ningeitwa kwa mkuu wa jimbo. Lakini angalia alichomwagiza: tubu, ukamwombe Bwana. Hakumwambia rudi majini, ule wa kwanza haukushika. Na huyo Petro aliyekuwa anakemea alikuwa amemkana Bwana wake mara 3 kando ya moto wa makaa, akarudishwa kwa kuulizwa "wanipenda?" mara 3. Hakutumwa mtoni.

Katekismo Ndogo, ile tuliyokariri sote kipaimara tukiwa tunawaza mpira, inataja faida za ubatizo kwa pumzi moja: maondoleo ya dhambi, kuokolewa na mauti na Ibilisi, uzima wa milele kwa waaminio. Ongeza Tito 3:5, kuzaliwa upya na kufanywa upya na Roho Mtakatifu. Ongeza 1 Wakorintho 12:13, kutiwa katika mwili mmoja, maana yake sasa una ndugu ambao hukuwachagua na wengine wanaimba vibaya. Haya mtu anaweza kuyaorodhesha na asipate hata moja, akidhani yalitolewa siku ile, yakaisha siku ile.

Lugha yetu inasaidia hapa kuliko vitabu. Watu wangu husema "nilibatizwa mwaka fulani," na ile "-li-" inaufungia ubatizo kabatini pamoja na cheti. Luther, dhambi zake zilipomlemea, alijibu kwa kusema "nimebatizwa." Sikia tofauti. "Nimeoa" si habari ya siku ya harusi, ni hali niliyomo asubuhi hii huku mke wangu akiniuliza kwa nini taka hazijatupwa. Kijana wangu wa Jumapili alipata kitenzi sahihi kabisa, akakiweka kwenye maji yasiyo yake.

Hieronimo, mwalimu mkubwa wa kale, alisema toba ni ubao wa pili, ambao mtu hukamata merikebu ikishavunjika. Maneno matamu, na Luther akayakataa. Merikebu haivunjiki, alisema, kwa sababu ni agizo la Mungu. Sisi ndio tunaoteleza na kutumbukia baharini. Aliyetumbukia aogelee airudie, aishike, apande tena. Tazama sasa kinachofanyika mtu anapobatizwa upya: yumo majini, chombo kile pale kinamngoja, naye anaogelea kwenda upande mwingine kutafuta fundi wa kumchongea kingine.

Maji ni ya mara moja, lakini kuzama ni kwa kila siku. Katekisimo inasema Adamu wa kale aliye ndani yetu azamishwe kila siku kwa majuto na toba, na mtu mpya ainuke. Na huyo mzee ana pumzi ndefu. Ukidhani amekwisha, anaibuka kwenye kikao cha mirathi. Mwenye hamu ya maji mengi atayapata hapa, mpaka aombe kupumzika.

Sasa mashaka yangu, kwa kuwa nimesema sana kama mtu asiye nayo.

Hakuna mstari unaosema "batizeni vichanga." Matendo inataja nyumba nzima zilizobatizwa, ya Lidia na ya mlinzi wa gereza, lakini Luka hakutuambia kama kulikuwa na mtoto anayenyonya. Tertuliano, mwandishi wa Kikristo wa Karthago, karibu mwaka 200, alishauri watoto wacheleweshwe. Miaka kama 50 baadaye, mji huohuo, Kipriano na maaskofu wenzake 66 waliandika kwamba hata siku 8 tangu kuzaliwa zisingojewe. Mimi nasimama na Kipriano, kwa sababu ya jinsi ninavyoelewa neema. Ila ndugu anayesubiri mwanawe akue ndipo ambatize, simwiti mzushi. Ninachokataa ni kurudia. Hata hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyoandaliwa na watu wa makanisa mengi wakiwemo wasiobatiza vichanga, inasema ubatizo ni tendo lisilorudiwa.

La pili linaniaibisha. Tuna utaratibu tuliourithi: wazazi ambao hawajafunga ndoa wamezuiliwa, na mara nyingi mtoto wao hungoja mpaka warudi kundini. Nimesimama madhabahuni nikahubiri neema isiyodai kitu, kisha ofisini nikadai cheti cha ndoa. Najua sababu zake. Mtoto anahitaji nyumba itakayomlea katika imani. Lakini kichanga kimekosa nini? Nimeutekeleza utaratibu huo na nimeuvunja. Sitasema mara ngapi kila kimoja.

Tena kuna akina mama. Mwanamke anapoteza mtoto kabla ya kubatizwa, na jirani mmoja mwenye mdomo anamwambia mtoto yuko motoni. Jirani huyo ningependa nimbatize mimi mwenyewe, kwa muda mrefu kidogo. Marko 16:16 inasema aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini atahukumiwa, haisemi asiyebatizwa. Mungu alitufunga sisi kwenye agizo lake, hakujifunga yeye. Luther aliandika kuwafariji akina mama wa namna hii mwaka 1542, akasema maombi na shauku ya mama Mungu amevisikia. Ninaamini hivyo. Usiku wa msiba, nikiwa nimekaa kwenye mkeka karibu na mama huyo, naliamini kwa sauti ndogo zaidi kuliko ninavyoandika hapa.

Na mkumbuke kwamba kwenye hatari ya kifo Mkristo yeyote anaweza kubatiza: maji, jina la mtoto, jina la Utatu. Bibi mmoja wa mtaa wetu alimbatiza mjukuu wake wodini kwa maji ya chupa ya kunywa, mikono ikitetemeka. Mtoto alipona. Walipomleta kanisani tulimpokea na kumwombea, sikumbatiza. Bibi alikuwa amemaliza kazi.

Basi yule kijana. Nilishusha daftari la zamani kutoka juu ya kabati, nikamfungulia ukurasa wake. Tarehe, jina la mhudumu, majina ya wadhamini. Mdhamini wa kwanza alikuwa shangazi yake, yule aliyemlipia ada mpaka kidato cha nne. Alisoma jina hilo akakaa kimya muda. Ndipo yakaanza kutoka ya kweli: kazi iliyopotea, pombe, binti aliyemwacha na mimba, usiku anaota anaanguka. Alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia.

Nikamwambia aje Jumamosi tuzungumze na tuungame, na siku hiyohiyo twende pamoja kwa wazazi wa yule binti.

"Na ule wa mtoni, Mchungaji?"

"Maji yalikuwa ya baridi?"

"Mno."

"Basi ulioga, mwanangu. Jumamosi saa 3, usichelewe."