Mkoa wa mahindi, watoto wafupi

"Kamwene," nilimsalimia mama mmoja kwenye kijiji cha mkoa wa Njombe, naye akaitikia huku akimvua mwanawe sweta la pili. Ilikuwa Juni, baridi ile ambayo mtoto akivuliwa nguo analia kabla hujamgusa. Wa kiume, miezi 26. Mzani ukasoma kilo 10.6. Nukta kwenye kadi ya kliniki ikaangukia kwenye kijani, mama akatabasamu, akashika kanga ambebe waondoke.

Nikamwomba asubiri kidogo tumpime na urefu. Visigino, makalio na kisogo viguse ubao, mtu mmoja ashike magoti, mwingine kidevu, na mama asimame mbele mtoto amwone. Sentimita 80.

Mtoto wa kiume wa umri huo huwa na karibu sentimita 89. Akiwa chini ya 82 na nusu hivi, tunasema amedumaa. Huyu alikuwa na uzito wa kuridhisha na bado amedumaa. Kwa miaka mingi kliniki zetu nyingi zilipima uzito tu, kwa hiyo watoto kama huyu walirudishwa nyumbani na pongezi.

"Sisi kwetu wafupi, daktari. Baba yake si umemwona?" (Mimi ni afisa lishe, ila ukishavaa koti jeupe kijijini cheo chako hakiulizwi tena.) Hoja yake si ya kupuuza, na si yeye peke yake aliyewahi kuitoa. Viwango tunavyotumia, vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri. Hadi miaka mitano, watoto hao walikua karibu sawasawa. Ukoo unachangia, lakini kwa umri huu sahani inachangia zaidi.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 mwaka 2015/16. Tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila ukiifumua hiyo 30, Dar es Salaam ina 18, Rukwa na Njombe karibu 50, Iringa karibu 57. Yaani mikoa inayolisha nchi ndiyo yenye watoto waliodumaa kwa kiwango kikubwa kuliko yote.

Hapo wapangaji wengi huteleza, na mimi niliwahi kuteleza nao. Asilimia ni jambo moja, vichwa ni jambo jingine. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5, Njombe hawafiki hata milioni 1. Kwa hiyo hiyo 18 ya Dar inabeba watoto wengi kuliko 50 ya Njombe. Ukifuata asilimia peke yake, unamsahau mtoto wa uswahilini Dar. Ukifuata vichwa peke yake, Njombe itabaki hivyo hivyo miaka 20. Hakuna hesabu itakayokuamulia. Lazima mtu mzima akae aseme nani aanze.

Kuhusu unga, hapo nina kinyongo kidogo. Tangu mwaka 2011 tuna kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani. Anayenunua unga wa pakiti dukani ananufaika. Mkulima anabeba debe lake mpaka mashine ya kijiji, anakoboa apate sembe nyeupe, na kiini chenye mafuta na vitamini kinaishia kwenye pumba za nguruwe. Sera nzuri kabisa, lakini imemfikia kwanza aliyekuwa na nafuu tayari.

Fedha nazo zipo, kwa kiasi. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Haifiki robo trei ya mayai, na hata hiyo kuipata kwa wakati ni kazi.

Nikamuuliza mama mtoto alikula nini jana, tangu alipoamka. Asubuhi uji mwepesi wa sembe. Mchana kiporo, alichopewa na dada yake wa miaka minane, kwa sababu mama alikuwa shambani tangu alfajiri akipanda viazi. Usiku ugali na mboga za majani. Mtoto wa umri huu tumbo lake dogo, anahitaji milo mitatu au minne mizito, na kitu cha kutafuna katikati.

"Parachichi?"

"Zile za mnunuzi."

"Kuku anataga?"

"Anataga. Sita, saba kwa wiki. Baba yake anapeleka gulioni."

Nikamwomba mayai mawili tu kwa wiki yabaki nyumbani, na parachichi zile zenye makovu ambazo mnunuzi hazitaki. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga, akatazama mlangoni kwanza.

"Mawili nitayaficha," akasema.