Ukerewe sio "hapo tu", jamani

Wiki hii tena mgeni kanitumia ratiba ya Jumamosi moja: asubuhi kisiwa cha Saanane, saa tano Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, mchana kisiwani Ukerewe kula sato, jioni Jiwe la Bismarck kupiga picha jua likizama. Namwambia haiwezekani, ananijibu "kaka mbona kwenye ramani zipo karibu karibu?" Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Mwanza na hili jambo nakutana nalo kila msimu, na linaharibia watu safari kweli, mtu kachanga hela yake mwaka mzima halafu siku nzima anaimalizia njiani.

Bismarck unaiona ukiwa barabarani tu, dakika kumi zinatosha. Saanane boti inatokea Capri Point, kwenye maji ni dakika chache, hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 2.18, kwa hiyo hizo mbili ni siku moja na nafasi inabaki ya kuzunguka mjini. Bujora ipo Kisesa, kama kilomita 20 barabara ya Musoma, ni nusu siku kama unataka kusikiliza maelezo na sio kupiga picha na kuondoka.

Ukerewe sasa. Meli ya kwenda Nansio, mji mkuu wa kisiwa, inachukua masaa matatu na zaidi, na inaondoka kwa ratiba yake, haikusubiri wewe umalize chai. Ukishuka kule nusu siku imeshaisha, ukiikosa ya kurudi umelala, utake usitake. Basi panga kulala tangu mwanzo, lipia gesti, kula sato wako kwa amani. Na kuzunguka kwa Bunda ukavuke na kivuko cha Kisorya sio njia ya mkato, unabadilisha tu sehemu ya kusubiri.

Kuna wanaopanga kwa orodha ya vivutio, kuna wanaojaza kila saa, kuna wa "tutajua hukohuko". Mimi napanga kwa nanga: kila siku chagua kitu kimoja ambacho hakitakusubiri, iwe meli, ndege au ngoma, halafu vingine vyote vikae upande uleule wa mji, vikiwezekana sawa, visipowezekana hujapoteza kitu. Wa "hukohuko" siwapingi sana, ila hao ndio wanafika Julai wanauliza Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, ni lini. Bulabo inaendana na sikukuu ya Ekaristi, na sikukuu hiyo inafuata Pasaka, kwa hiyo tarehe inahama kila mwaka, mara nyingi inaangukia Juni. Na usije kwa saa moja! Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande unavuta watu, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, sasa ukisimama upande mmoja ukaondoka hujaona mashindano, umeona ngoma tu.

Wanaotoka Geita na Sengerema nyie mmepumua, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 ile foleni ya kivuko haipo tena kwenye hesabu.

Kitu kimoja ninachosita kukisema kwa uhakika ni hali ya ziwa. Wote tunawaambia wageni asubuhi maji yametulia, upepo unaanza mchana, na siku nyingi ni kweli. Lakini radi na mvua kubwa za ziwani hupiga sana usiku kuamkia alfajiri, kwa hiyo Machi mpaka Mei asubuhi hiyohiyo tunayoisifia ndiyo inaweza kukuweka gesti umekunja mikono. Sina kanuni hapo, natazama mawingu na kuwauliza watu wa boti. Ninachofanya ni kuweka Saanane siku ya kwanza ya mgeni, hata kama kachoka na safari, ili ikigoma bado kuna kesho yake.