Gari Linalovuta kwa Magurudumu Manne Halitaki Matairi ya Kuchanganya

Matairi mawili yamekwisha, mawili bado yana hali nzuri. Mwenye gari ananunua mawili mapya, anayafunga, anaondoka. Kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele peke yake, uamuzi huo hauna ubaya mkubwa, mradi yale mapya yakae pamoja kwenye ekseli moja. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, uamuzi huo huo unaweza kuua difu (gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa mwendo tofauti), na ukiyatazama matairi yenyewe huoni kasoro yoyote.

Chanzo ni mzunguko wa tairi, yaani umbali ambao tairi hukata likijizungusha mara moja. Chukua tairi la 225/65R17. Kwa vipimo vyake, likiwa jipya mzunguko wake ni kama milimita 2,275. Meno yake yakilika milimita 5, mzunguko unapungua takriban milimita 31. Hiyo haifiki hata asilimia moja na nusu, lakini katika kila kilometa tairi lililolika litazunguka mara 6 hivi zaidi ya jipya. Katika safari ya kilometa 100 ni mara 600. Yale mapya yakiwa nyuma na yaliyolika yakiwa mbele, tofauti yote hiyo inabebwa na vyuma vilivyo katikati.

Magari yanayovuta kwa manne wakati wote yana difu ya kati, au klachi, inayoruhusu mbele na nyuma kupishana mwendo. Kazi yake ni ya kona na utelezi, mambo ya sekunde chache. Matairi yasipolingana, inafanya kazi hiyo bila kupumzika, hata barabara ikiwa imenyooka kabisa. Joto linapanda, mafuta yanaharibika, sahani za klachi zinakwisha kabla ya wakati. Ile aina inayotumia majimaji mazito ndani yake hujikaza kwa joto, na ikishakaza, gari linahisi kama limeshikwa breki kila unapokata kona ya taratibu.

Kwenye magari ambayo dereva mwenyewe ndiye anayeunganisha vuto la mbele kwa kitufe au gia ndogo (mkono wa pili kando ya ule wa gia), mambo ni mazito zaidi. Ukishaunganisha, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) inafunga propela shafti, yaani vyuma virefu vinavyopeleka nguvu kwenye ekseli, ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa mwendo mmoja. Kwenye tope au mchanga matairi yanateleza kidogo na mkazo unajiachia. Kwenye lami kavu hayatelezi, kwa hiyo mkazo unajikusanya kwenye meno ya gia na kwenye shafti. Dalili yake madereva wengi wanaijua bila kujua sababu: gia ndogo inagoma kutoka, halafu inaachia ghafla kwa mshindo. Lami kavu haifai kuendeshwa hivyo hata kama matairi yote ni mapya. Matairi yasiyolingana yanaongeza madhara.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi, mahali linapogusa ardhi, na nyingine sakafuni. Sukuma gari polepole likiwa limenyooka hadi alama ya tairi irudi chini kabisa, weka alama ya pili sakafuni, kisha pima umbali kati ya alama hizo mbili za sakafuni. Rudia kwa magurudumu yote. Kipimo hiki nakiamini kuliko cha kuzungushia utepe tairi lililofunguliwa, kwa sababu hapa tairi limebeba uzito wa gari. Kiwango cha tofauti kinachoruhusiwa kiko kwenye kitabu cha gari. Baadhi ya watengenezaji hawataki tofauti ya kina cha meno ipite milimita 2 hivi.

Maandishi ya ubavuni peke yake hayatoshi. Matairi mawili yenye namba zile zile lakini ya watengenezaji tofauti yanaweza kuwa na mizunguko tofauti. Hata hivyo yasome: 265/65R17 112S ni upana wa milimita 265, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, muundo wa radiali (nyuzi za ndani zimenyooka kutoka ubavu hadi ubavu), rimu ya inchi 17, uwezo wa kubeba kilo 1,120, na mwendo usiozidi kilometa 180 kwa saa. Tairi la radiali na lile lenye nyuzi za mshazari hayachanganywi kamwe.

Aina ya meno nayo ina hatari yake. Meno makubwa ya tope mbele na matairi ya lami nyuma, au kinyume chake, yanaipa kila ekseli mshiko wake. Mvua ikinyesha, upande mmoja unaanza kuteleza mapema kuliko mwingine, na ukiwa wa nyuma, gari linageuka kabla dereva hajajua la kufanya.

Ushauri wangu kwa gari linalovuta kwa manne muda wote ni kununua manne, hata kama inabidi kusubiri kidogo. Kisha yahamishe nafasi kila kilometa 8,000 hadi 10,000, ukifuata mpangilio ulio kwenye kitabu, ili yalike sawasawa. Kama tairi la spea ni la saizi kamili, liingize kwenye zamu hiyo ya kuhamisha, maana spea iliyokaa miaka bila kutumika ndiyo itakayokuwa kubwa kuliko wenzake siku ya pancha. Spea nyembamba ya dharura ni ya kukufikisha kwa fundi tu, kwa mwendo ulioandikwa juu yake, mara nyingi kilometa 80 kwa saa, na vuto la mbele lisiunganishwe ikiwa bado imefungwa.