Je wajua kwa nini tangawizi, goti na mchezaji wa kati wote wanaitwa "kiungo"?

Juzi mtoto wa dada yangu kanifuata na daftari, "mjomba, eti kiungo ni nini?" Mi bila kufikiria nikamjibu tangawizi, iliki, mdalasini, vitu kama hivyo. Kumbe ni homuweki ya sayansi, kuna picha ya mguu na mshale umeelekea kwenye goti. Muda huohuo mtangazaji kwenye TV anapiga kelele kiungo mkabaji kapokonya mpira. Dogo akaniangalia kama nimemuingiza chaka.

Ila hakuna aliyekosea hapo. Wote watatu wamezaliwa na kitenzi kimoja kifupi, kuunga, yaani unachukua kipande na kipande unavifanya kitu kimoja. Goti linaunga paja na muundi. Kiungo wa mpira anaunga mabeki na washambuliaji, siku akiwa hovyo timu inakatika vipande viwili na mabeki wanabaki kubutua tu. Jikoni sasa ndo patamu: maharage ya kuchemsha na chumvi basi, hayo ni chukuchuku, lakini ukikaanga kitunguu na nyanya mpaka zikalainika, ukayamwagia humo, ukamalizia na tui la nazi, hapo umeyaunga, na ulichoungia ndo kiungo chenyewe. Bi mkubwa wetu alikuwa akifika mlangoni tu ananusa, "haya ya leo hayajaungwa", na kweli mafuta yalikuwa yameisha.

Mtaani kitenzi hiki hakilali. Niungie bando la buku. Shuka hapo uunganishe gari ya Mbagala. Mbunge anaunga mkono hoja mia kwa mia, na mwenye maisha ya kuungaunga wote tunamjua maana ni sisi wenyewe tarehe 20 kuendelea.

Sasa angalia mkia wa neno maana ndo unaobeba kazi. Kuungana ni vitu vyenyewe vinashikana kwa hiari yao, kuunganisha kuna mtu wa pembeni anavikutanisha, kujiunga ni wewe unaingia kwenye kitu ambacho tayari kipo, chama, jeshi, chuo, au kifurushi. Ndo maana tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipokuwa nchi moja tukapata Muungano na sio Muunganisho. Muunganisho ni wa intaneti au wa umeme, fundi anakuja, anachomeka waya, anaondoka. Muungano maana yake pande mbili zimekubaliana zenyewe (wapo watakaobisha, mi hapo nakaa pembeni). Na ile picha ya Mwalimu Nyerere akimimina udongo wa pande mbili kwenye chombo kimoja, kwa Kiswahili kile kitendo ni kuchanganya, na kuchanganya ni zaidi ya kuunga, maana kilichoungwa mara nyingi mshono unauona bado ila udongo ukishachanganyika nani atautenganisha?

Kikishaungwa kitu lazima kikazwe, na hapa watu wengi tunachanganya kukaza na kuimarisha. Kukaza ni kuvuta au kubana mpaka kusiwe na nafasi: nati, kamba, mkanda, hata mwendo na roho. Kuimarisha kumetoka kwenye imara, neno tulilolichukua kwa Waarabu, na chenyewe kinaangalia kitu kizima kisimame kisitetereke, ndo maana ulinzi unaimarishwa, afya inaimarika, na shilingi nayo siku ikijisikia inaimarika. Fundi baiskeli akikwambia "ngoja nikuimarishie hii nati" utahisi anagombea udiwani. Na nati ikikazwa kupita kiasi inakatika, kwa hiyo kukaza sio lazima kuwe kuimarisha.

Kutoka kukaza tukapata mkazo, ile sauti unayoibana kwenye neno. Kiswahili kawaida yake kinabana silabi ya pili kutoka mwisho, ila yapo machache makaidi. Sema barabara ukikaza "ba" ya pili, hiyo ni njia ya magari. Rudi nyuma ukaze "ra" ya kwanza, sasa umesema sawasawa, ipasavyo. Dogo nilimpa sentensi moja ajaribu, "hii barabara imejengwa barabara", akairudia mpaka dada akatoka jikoni kuuliza kuna nini.