Je, msimbo wa QR wa Wi-Fi huficha nenosiri?

Kwa karibu mwaka mzima, ukutani sebuleni kwetu, juu kidogo ya swichi ya feni, palibandikwa karatasi yenye msimbo wa QR. Mgeni akifika hana haja ya kuuliza paswadi. Anaelekeza kamera ya simu, simu inamuuliza kama anataka kujiunga na mtandao uitwao Baraza, anakubali, yamekwisha. Nilijiona mjanja, maana nenosiri lenyewe sikutaka lijulikane. Nililitunga siku niliyokuwa nimechoshwa na wageni: yatatumpejembe. Methali unaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kisha akaja shemeji. Siku ya nne ya ugeni wake alitaka kuunganisha simu yake ya pili, ya zamani, ambayo kamera yake haikuwa na habari na misimbo. Akapakua programu ya kuskani. Programu ile haikuunganisha chochote. Iliandika tu kwenye kioo kile ilichokisoma ukutani:

WIFI:T:WPA;S:Baraza;P:yatatumpejembe;;

Akakisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Mke wangu akanitazama. Nami nikajifunza, mbele ya mashahidi, kwamba msimbo wa QR hauufichi ujumbe wake hata kidogo.

Nilichokuwa nikiamini ni hiki: kwamba karatasi ile inaiambia simu "mpokee huyu" bila kumtajia mtu neno lenyewe. Kama mlinzi wa geti anayeambiwa "huyo ni wetu, mpitishe", mgeni akaingia bila kushika ufunguo. Kumbe karatasi ni ufunguo wenyewe, umetundikwa kwenye msumari, na kila apitaye anaweza kwenda nao kuchonga mwingine.

Si kosa la kijinga, nadhani, na nimekutana na wengi walio nalo. Tumezoea misimbo ya QR ambayo kweli ina nguvu fulani nyuma yake. Ule wa kufungulia WhatsApp kwenye kompyuta hubadilika kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo picha yake ya jana haina kazi leo. Ule wa tiketi mara nyingi ni namba tu inayokwenda kutafutwa kwenye orodha. Ikishatumika au ikifutwa huko, karatasi inabaki takataka. Ule wa kulipia dukani humtaja mwenye duka, lakini pesa haziondoki mpaka wewe uweke namba yako ya siri. Katika yote hayo ulinzi uko kwingine, kwenye mitambo ya mbali, nasi tunausifia mraba kwa kazi ambayo haukuifanya. Msimbo wa Wi-Fi hauna mtambo wowote nyuma yake. Hakuna orodha, hakuna tarehe ya kuisha, hakuna anayeulizwa. Simu inausoma hata kama intaneti imekatika mtaa mzima.

Lugha nayo inatuponza kidogo. Msimbo, kusimba, usimbaji fiche: maneno ya ukoo mmoja, na sikio linasikia siri katika yote. Lakini kusimba ni kuweka ujumbe katika alama nyingine tu, hata bila nia ya kumficha mtu. Bibi aliyesoma chuo cha Kurani akiandika barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mjukuu asiyezijua ataona mapambo. Siri haipo. Kuna herufi ambazo mmoja anazijua na mwingine hazijui.

Hebu tuusome basi ule wa ukutani kwangu. Mstari mzima, kuanzia WIFI mpaka nukta-mkato mbili za mwisho, una herufi na alama 38. T ni aina ya ulinzi wa mtandao, S ni jina lake, P ni nenosiri. Utaratibu huu wa kuandika ulipendekezwa na watengenezaji wa ZXing, programu ya kusomea misimbo, wakifuata mtindo wa anwani za simu uliokuwa umeanzishwa na kampuni ya NTT DoCoMo ya Japani. Ulisambaa kwa mazoea, mtu akiiga mtu, kabla ya muungano wa Wi-Fi Alliance kuuweka rasmi kwenye masharti ya WPA3, toleo jipya la ulinzi wa mitandao ya Wi-Fi. Unaweza kuuandika mwenyewe kwa kalamu. Ila kama nenosiri lako lina nukta-mkato au nukta pacha ndani yake, itabidi utangulize mkwaju wa nyuma (\), vinginevyo simu inaweza kulisoma vibaya.

Kila herufi ina namba yake inayojulikana dunia nzima. W ni 87. Kwa lugha ya kompyuta, ya sifuri na moja, 87 huandikwa 01010111. Fanya sifuri kuwa kisanduku cheupe na moja kuwa cheusi: nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeusi, nyeusi. Hiyo ni W. Visanduku vinapangwa kuanzia pembe ya chini kulia, kwa safu yenye upana wa visanduku viwili, vikipanda hadi juu, vikigeuka, vikiteremka, kama mkulima anayelima kwa ng'ombe akifika mwisho wa shamba. Vinne vya kwanza vinataja aina ya maandishi, vinane vinavyofuata vinataja idadi ya herufi, hapa 38, kisha maandishi yenyewe yanaanza.

Ukienda na rula na penseli kuvitafuta vile vinane vya W, hata hivyo, yumkini usivipate. Hapo ndipo mwerevu atasema: unaona, kuna siri! Nami nilishikilia hoja hiyo kwa wiki nzima ili kuokoa uso. Kuna jambo linafanyika kweli, lakini jambo hilo ni kinyume.

Kinyume ni ule mchezo wa watoto wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: samaki anakuwa kisama, nyumba inakuwa mbanyu, nenosiri linakuwa rinenosi. Kwa asiyeujua, watoto wanaongea lugha ya majini. Kwa anayeujua, wanaongea Kiswahili. Sasa fikiria watoto wanaoanza kila mazungumzo kwa kutangaza kwa sauti, "jamani, leo tunaongea kinyume cha namna ya tatu." Huo ndio msimbo wa QR.

Maandishi yakishapangwa, mtambo hupitisha juu yake nakshi fulani, na palipo na nakshi, kisanduku cheusi hugeuzwa cheupe na cheupe cheusi. Nakshi hizo ni nane tu, zimechapishwa kwenye masharti ya QR, na iliyotumika hutajwa ndani ya msimbo wenyewe, kwenye visanduku vilivyo kando ya miraba mikubwa ya pembeni. Inatajwa mara mbili, ili nakala moja ikichafuka nyingine iwepo. Hapana afichwaye hapo. Nakshi iko kwa ajili ya kamera: maandishi yakiachwa yalivyo yanaweza kutoa madoa makubwa meupe au meusi matupu, na kamera ikaanza kupoteza hesabu ya visanduku, kama wewe unavyopoteza hesabu ya vigae kwenye sakafu ya rangi moja. Mtambo hujaribu nakshi zote nane, huzipa alama za makosa, na kuchagua yenye makosa machache. Nikikiri udhaifu wangu, hiki ndicho kipande nikipendacho kuliko vyote: karatasi yangu ya matusi kwa wageni ilishindanishwa katika mavazi manane kabla ya kutoka nje.

Historia nitaipitia mbiombio. Msimbo wa QR ulibuniwa mwaka 1994 na Masahiro Hara na wenzake katika kampuni ya Denso ya Japani, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Hara amesimulia kwamba wazo lilimjia kwenye ubao wa mchezo wa Go, wa kete nyeusi na nyeupe. Ile miraba mitatu ya pembeni, inayoiambia kamera "msimbo uko hapa", ina uwiano wa 1:1:3:1:1 wa weusi na weupe, kwa sababu walipekua magazeti na karatasi za kila namna wakitafuta uwiano unaotokea mara chache kuliko mingine. Kampuni iliacha watu wautumie bila kuwadai, ndiyo maana umefika hadi juu ya swichi ya feni.

Kutoka kiwandani ulikuja pia na uvumilivu wa uchafu. Msimbo wangu, ukichapwa kwa kiwango cha kati cha akiba, ni visanduku 29 kwa 29. Ndani yake kuna mafungu 70 ya visanduku vinane vinane: 44 ya ujumbe na 26 ya akiba, ambayo ni hesabu zinazotokana na ujumbe. Mafungu 13 popote yakiharibika, mengine yanatosha kuyarudisha. Mafuta ya samaki yakiupakaa msimbo hayataulinda mtandao wako.

Kwa hiyo matokeo yake nyumbani si yale niliyoyadhani. Kubandua karatasi hakumtoi mtu, kwa sababu simu ya mgeni imeshaandika nenosiri na kulihifadhi. Tena anaweza kuligawa: tangu Android 10 ya mwaka 2019, simu iliyojiunga inaweza kuonyesha msimbo wa mtandao huo kwa mwingine, na simu nyingi huandika na nenosiri chini yake, wazi. Kwenye iPhone, tangu iOS 16 ya mwaka 2022, neno lililohifadhiwa hutazamwa kwenye mipangilio. Na picha ya keki ya mtoto iliyowekwa kwenye stetasi, huku karatasi ikionekana nyuma ya mabega ya watu, ni tangazo la nenosiri iwapo picha ni safi kiasi cha kukuzwa. Ni mara ngapi majirani hujisumbua kukuza picha, hilo linategemea majirani.

Tahadhari nyingine ni ya tovuti za kutengenezea misimbo. Baadhi hufanya kazi yote ndani ya simu yako, nyingine hupeleka ulichoandika kwa mwenye tovuti, na kwa kutazama tu huwezi kujua ipi ni ipi. Simu yako yenyewe ikiweza kuutoa msimbo, tumia hiyo.

Hatari yenyewe tusiikuze. Mwenye nenosiri kwenye mtandao wa WPA2, toleo la kabla ya WPA3, akiwa na ujuzi na akinasa muda ule kifaa chako kinapojiunga, anaweza kufumbua kinachopita hewani. Lakini tovuti nyingi na programu za benki huwa na ulinzi wao wa ndani, kwa hiyo anachokiona ni kidogo kuliko wanavyotishia wauza programu za ulinzi. WPA3 inaziba tundu hilo. Kinachowauma wengi zaidi ni kifurushi kuisha tarehe 20.

Upo msimbo wa QR unaofanya kile nilichokidhania, au karibu yake. Unaitwa Wi-Fi Easy Connect, ulitangazwa na Wi-Fi Alliance mwaka 2018, na maandishi yake huanza na DPP badala ya WIFI. Huo haubebi nenosiri. Unabeba kitu mfano wa kufuli lililo wazi. Kifaa kigeni ndicho kinachoonyesha msimbo, mwenye nyumba anauskani, anafungia idhini ya kuingia ndani ya kufuli lile na kuirudisha, na kifaa kile pekee ndicho chenye ufunguo wa kulifungua. Ni muundo mzuri sana, ila ruta na simu zote mbili lazima ziujue, na katika nyumba za kawaida bado si jambo la kulitegemea.

Kilichobaki ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi za siku hizi zinaweza kurusha majina mawili, moja la wenyeji na moja la wageni, kila moja na nenosiri lake. Likibadilishwa la wageni, runinga na simu za nyumbani hazisumbuki. Angalia tu kama ruta yako kweli inawatenga wageni na vifaa vyenu. Kuna zinazoongeza jina la pili na kuishia hapo. Jaribu kwa simu: jiunge na wa wageni, kisha uone kama printa au runinga ya nyumbani inaonekana.

Wa kwetu sasa unaitwa Wageni, na nenosiri lake, baada ya mazungumzo marefu ya kifamilia, ni karibushemeji. Herufi na alama 37, moja pungufu ya zile za mwanzo, na mraba ni uleule wa 29 kwa 29. Ukizishika karatasi mbili mkononi, hutajua kwa macho ipi inakaribisha na ipi inafukuza. Shemeji anajua hilo. Alipokuja tena aliifungua kwanza ile programu yake ya kuskani, akasoma hadi nukta-mkato ya mwisho, ndipo akatoa simu ya kuunganisha.