Fonti ya kijiometri ni nini, na kwa nini bikari peke yake haitoshi

Fonti ya kijiometri ni seti ya herufi zilizojengwa kwa maumbo machache: duara, mraba, pembetatu na mistari iliyonyooka. Ikichorwa ili isomwe ikiwa kubwa, kwenye bango, jalada au nembo, huitwa fonti ya bango. Mchoraji akishikilia umbo lake hata msomaji akihangaika, hiyo sasa ni fonti ya majaribio.

Mtindo huu ulishika kasi Ujerumani miaka ya 1920. Mwaka 1925 Herbert Bayer, mwalimu wa shule ya usanifu ya Bauhaus, alichora alfabeti ya herufi ndogo tupu kwa vipande vya duara na mistari. Herufi kubwa alizifuta: sauti ni moja, ya nini kuiandika kwa namna mbili? Miaka miwili baadaye mchoraji wa herufi Mjerumani, Paul Renner, akatoa fonti ya Futura, na hiyo ndiyo unayokutana nayo hadi leo kwenye nembo na majalada.

Futura imedumu kwa sababu, ukiikagua kwa karibu, si ya bikari kama inavyojifanya. Jaribu mwenyewe. Chora O kwa bikari, uiweke kando ya H yenye kimo kilekile: O itaonekana fupi. Dawa yake ni kuiacha ipite kidogo mstari wa juu na wa chini. Kisha tazama unene. Jicho huuona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko wa kusimama wenye upana uleule, kwa hiyo pete yenye unene sawa pande zote huonekana imevimba juu na chini; hapo lazima upunguze. Vivyo hivyo n na b, pale tao linapoungana na mguu, huweka doa jeusi mpaka ulikondeshe tao hilo. Kazi yenyewe iko hapo. Kupanga maduara, programu yoyote itakufanyia kwa dakika tano.

Wapo waliokataa kabisa kulibembeleza jicho. Mwaka 1967 mbunifu Mholanzi Wim Crouwel alichapisha fonti ya New Alphabet. Mashine za wakati huo za kupanga maandishi kwa skrini zilikuwa zikizikatakata kingo za mviringo, naye akaiondoa mikunjo yote: mistari ya wima na ya kulala tu, pembe zimekatwa mshazari. M na w zikapewa kistari chini. Baadhi ya herufi hazisomeki mpaka ufundishwe, na kwa maoni yangu ndipo utamu wake ulipo, mradi usiandikie barua ya benki.

Kwa anayeandika Kiswahili, herufi ya kuchungwa ni a. Kwenye Futura ni duara lenye mguu kulia, jirani kabisa na o, nasi a tunaitumia karibu kila neno. Kwa mbali, kwenye bango la barabarani, «bando» na «banda» hutofautishwa na kijiti kimoja chembamba. Baadhi ya fonti za aina hii huja na a ya pili, ile yenye mkunjo juu kama ya vitabuni. Huwa imewekwa kwenye herufi mbadala, yaani maumbo ya ziada yaliyomo ndani ya fonti ileile, na wengi hawajui kuwa ipo.